Klachi inapiga kelele na injini inatetemesha baiskeli: tafuta inatoka wapi kabla ununue spea

Injini ndogo za kichina za tustroki (zile zinachanganyiwa oili kwa petroli) ambazo watu wanafunga kwa baiskeli, ile ya 48cc na ile inauzwa ikiitwa 80cc na ukihesabu silinda yake kwa ukweli unapata karibu 66, zikianza kusumbua zinasumbua kwa sauti. Unaskia krrr upande wa kulia, hendoli inatetemeka mpaka vidole vinakufa ganzi kabla hujafika Dagoretti Corner, fundi wa kwanza unayemsimamisha anakuambia hiyo ni klachi, unaenda Grogan unanunua klachi nzima, unafunga, na kelele inakungoja palepale. Shida ni kwamba fremu ya baiskeli ni mabomba matupu. Sauti ikiingia mahali pamoja inatokea kila mahali, na nati moja ikilegea mbele ya injini unaeza apa hiyo kitu inatoka ndani ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni.

Kwa hivyo usianze na spana. Anza kwa kutenganisha kelele na mtetemo, juu hizo ni kesi mbili, mara nyingi zinakuja pamoja lakini chanzo si kimoja.

Kwanza ujue nini iko wapi

Ukiwa umekaa kwa kiti, mkono wa kulia kuna kava ya klachi. Ndani kuna gia ndogo imekaa kwa krenki, na gia kubwa ambayo inazungushwa na hiyo ndogo. Kwa injini nyingi za hii aina ndogo iko na meno 20 na kubwa meno 82. Hiyo kubwa ndio imebeba vile vipande vya klachi kwa matundu yake, vinabanwa na sahani huku na huku. Mkono wa kushoto kuna kava ya duara yenye magneti na koili, na nyuma yake kidogo kuna sproketi ndogo ya meno 10 inavuta cheni. Ukivuta leva, mkono mdogo upande wa kushoto unasukuma kipande kifupi cha chuma na gololi na fimbo nyembamba inayopita ndani ya shafti mpaka upande wa kulia, inasukuma sahani ya nje, klachi inaachia.

Sasa weka hii kwa akili sababu kila kitu chini inaitegemea: injini ikiwaka, zile gia mbili zinazunguka saa zote, uwe umevuta leva ama hujavuta. Kile kinabadilika ukivuta leva ni kwamba gia kubwa inabaki ikizunguka peke yake juu ya beringi yake, shafti na cheni zinapumzika. Na pia hii klachi ni kavu. Haiogelei kwa oili kama ya boda, so mtu akikuambia umwage oili ndani ya kava ndio inyamaze, mwambie asante na uende.

Kupima kwa masikio

Weka baiskeli kwa stendi tairi ya nyuma ikiwa hewani, na ufanyie nje, si ndani ya nyumba ama kibanda kimefungwa, moshi wa egzosti unaua mtu bila kumuamsha. Mikono, kamba za viatu na nguo ndefu zikae mbali na cheni. Washa injini kwa kukanyaga pedeli kama kawaida, iache ipate joto, halafu vuta leva ya klachi na uifunge na kile kipini chake. Skiza. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse kava ya klachi, kishikio kikae kwa mfupa nyuma ya sikio, utashangaa vile unaskia. Gusa pia karibu na magneti, gusa silinda chini, gusa mahali shafti ya sproketi inatokea. Mahali sauti iko kali zaidi ndio nyumbani kwake.

Sasa achilia leva polepole, tairi ianze kuzunguka hewani. Kama kelele ilikuwepo na sasa imepungua ama imeisha, angalia beringi ya gia kubwa ama vipande vya klachi vinavyocheza kwa matundu yake, kwa sababu klachi ikishika hivyo vyote vinazunguka pamoja na hakuna kusuguana tena. Kama haikubadilika hata kidogo, iko kwa vitu ambavyo havijali leva: meno ya gia, nati ya gia ndogo, krenki, magneti. Na kama ilikuwa kimya halafu ikaanza ulipoachilia, wacha klachi kabisa, enda kwa shafti ya sproketi, cheni na sproketi ya nyuma.

Kipimo cha mwisho ni cha mteremko. Tafuta barabara inashuka na haina magari, si Museum Hill saa kumi na moja jioni bana. Zima injini, vuta leva, shuka polepole. Mara nyingi unachoskia hapo hakitoki kwa injini maana injini imelala, ni cheni, ni sproketi, ni tairi yenyewe. Lakini kama unaskia mlio mkali wa kiiii ambao unakuja tu wakati umevuta leva na baiskeli inatembea, na ukisimama unaisha, hiyo ni fimbo ya klachi kavu. Fimbo inazunguka na shafti, ule mkono wa kusukuma umesimama, wanasuguana hapo kwa gololi. Watu wengi hawajui hii na wanabadilisha beringi ambazo hazina makosa. Fungua kava ya sproketi upande wa kushoto polepole na baiskeli ikiwa imelalia upande wa kulia kidogo ndio gololi isiruke ipotee kwa mchanga, toa kipande, toa gololi, paka grisi, rudisha vile ilikuwa. Ukikuta gololi haipo kabisa, hapo ndio umepata pia sababu leva haiachilii vizuri hata ukikaza kebo.

Ndani ya kava ya klachi

Kama kipimo kimekuelekeza kulia, fungua kava. Zile skrubu zake ni laini sana, vichwa vinakufa haraka, kwa hivyo tumia bisibisi inayojaza mkato kabisa na uisukume ndani kwa nguvu ukizungusha. Wengine wanazitupa mara ya kwanza na kuweka za alenki, na mimi nasema ni pesa imetumika vizuri.

Kabla uguse kitu angalia tu. Unga wa chuma unaong'aa ukutani mwa kava maana yake gia zinakulana. Unga mweusi mkavu ni vipande vya klachi vinaisha, kidogo ni kawaida. Mikwaruzo ndani ya kava maana yake sahani ya nje inagusa, ama mtu alikaza vibaya ile nati ya katikati. Na kama umekuta oili, hiyo ni habari kubwa kuliko kelele. Hapa hakufai kuwa na oili. Imetoka kwa krenki kupitia sili, ile ringi inayoziba pembeni ya shafti, na kama oili inatoka basi hewa nayo inaingia, injini ya tustroki inavuta chakula yake kupitia ndani ya krenki so hewa ya wizi inaifanya ichome moto kupita kiasi, resi, yaani kasi ya injini kuzunguka, inapanda yenyewe na haishuki haraka ukiachilia. Badilisha sili kabla ya kufikiria mambo ya kelele.

Sasa shika gia kubwa kwa vidole viwili juu na chini, itingishe. Kucheza kidogo sana ni sawa, ikitikisika kama sufuria imetoka mkono basi beringi imekwisha. Halafu shika gia ndogo, jaribu kuizungusha mbele nyuma bila krenki kusonga. Hiyo haifai kucheza kabisa, hata nywele. Ikicheza, nati imelegea ama ile ki ndogo, kijichuma kinachoifunga kwa krenki, imelika, na hapo ndio ile kelele ya kugonga inatoka, tak tak, hasa ukifungua mafuta na kufunga ghafla. Ukiendelea kuiendesha hivyo inakula shafti ya krenki yenyewe, na hiyo haina dawa ya bei rahisi. Kutoa gia ndogo kuna chombo chake cha kuvutia, injini nyingi zinauzwa nacho ndani ya katoni na watu wanakitupa wakidhani ni takataka. Tafadhali usipige nyundo wala usitie bisibisi nyuma uvute. Krenki ya hizi injini imeshindiliwa vipande vipande, ukiigonga kutoka kando inapinda kidogo tu, na kuanzia siku hiyo una mtetemo ambao hakuna kukaza nati kutaumaliza.

Meno yakiwa mazima na hakuna kinachocheza, basi kelele yako labda ni ukavu tu. Hizi gia zinalia hata zikiwa mpya, mlio mwembamba unaopanda na resi, huo usikukoseshe usingizi. Ule mkavu wa kukwaruza ndio unataka grisi. Paka grisi ya joto kali kwa meno ya gia ndogo, kiasi cha harage moja, zungusha tairi klachi ikiwa imeshika ndio isambae, futa ile imebaki pembeni. Harage moja, si kijiko! Ukijaza, injini ikichemka grisi inarushwa inaingia kwa vipande vya klachi, halafu unapanda mlima wa Limuru Road injini inalia resi na baiskeli imesimama, unaanza kutafuta shida ya pili ambayo umejitengenezea.

Ikiwa vipande vimeshaingia grisi, toa ile skrubu ndogo inayofunga nati ya katikati, uweke alama kwa wino mahali nati ilikuwa, hesabu mikato unapofungua, toa sahani ya nje. Vipande vitoe kimoja kimoja, vioshe na petroli, viache vikauke kabisa, halafu visugue kwa msasa umewekwa juu ya kioo ama tailisi ili uso ubaki sawa. Vile vimepasuka ama vinacheza sana kwa matundu vibadilishe vyote pamoja, usichanganye vipya na vya zamani maana vinene vitabeba kazi yote. Ukirudisha, nati irudi pale alama iko, kaza ama legeza mkato mmoja mmoja na kila mara ujaribu: leva ikivutwa baiskeli isukumike bila injini kuzunguka, leva ikiachiliwa injini izunguke bila kuteleza. Ukishapata hapo rudisha skrubu ndogo, usiisahau, nati ikijifungua ukiwa barabarani inasaga kava kutoka ndani.

Kebo nayo iwe na uhuru kidogo kwa leva, milimita 2 ama 3 hivi kabla haijaanza kuvuta. Kebo ikiwa imekazwa mpaka haina uhuru, klachi haishiki sawasawa, inasuguana muda wote, inapata joto, na kelele inaanza hata kama kila kitu ndani ni kizima. Hii unarekebisha na spana moja na haikugharimu kitu, ifanye kwanza.

Upande wa magneti ni haraka. Fungua kava, angalia kama magneti imekwaruza koili, angalia skrubu mbili za koili. Kelele nyingi za kusugua upande wa kushoto zinaishia hapo.

Sasa mtetemo

Injini ya silinda moja lazima itetemeke, hakuna siku itakuwa laini. Kile unatafuta ni mtetemo umebadilika, ama umezidi mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu na nati zinaanguka barabarani.

Asilimia kubwa ya huu ugonjwa ni vile injini imefungwa. Shika injini na mikono miwili ikiwa baridi, ivute kulia na kushoto kwa nguvu. Ikisonga hata kidogo kwa fremu, umepata. Makosa ninayoyaona kila mara hapa Nairobi ni raba. Mtu anakata tyubu kuukuu anazungusha kwa bomba mara mbili tatu, ati inameza mtetemo. Haimezi. Inaipa injini nafasi ya kucheza, cheni ikivuta injini inageuka kidogo, ikiachilia inarudi, na hiyo kurudi ndio inakata studi na kuvunja masikio ya injini. Injini ikae chuma kwa chuma, mikono yake ikumbatie bomba sawasawa pande zote. Kama bomba ni jembamba kidogo, kipande cha ngozi ngumu ama bati nyembamba kinatosha kuziba pengo.

Mikono ya hizi injini imechongwa kwa bomba la karibu milimita 28. Baiskeli za chuma za kizamani, jamii ya Black Mamba, zinaingia vizuri sana upande huo. Baiskeli za mlimani za siku hizi bomba la mbele ni nene, na ile bamba na yubolti inayokuja na injini ndio kitu dhaifu kuliko vyote, inapinda, inalegea, inapinda tena. Enda Kariobangi Light Industries ama kwa jua kali wa Kamukunji ukatengenezewe kishikilio cha chuma kinene kinachobana bomba pande zote mbili, ukiwa umebeba baiskeli yenyewe na si vipimo vya karatasi. Usikubali kuchomelea injini moja kwa moja kwa fremu. Na kama fremu ni ya alumini, kagua viungo vyake mara kwa mara kutafuta nyufa, alumini inachoka na mtetemo na ikichoka haikupi onyo refu.

Ukikaza nati za injini, tumia washa za springi ama Loctite ya bluu (gundi ya kuzuia nati kulegea), ama nati mbili moja juu ya nyingine. Nati zenye ringi ya nailoni ni nzuri pia lakini si karibu na egzosti, zinayeyuka. Baada ya kufunga endesha kidogo, ikipoa kaza tena, na uendelee kukagua kila unapojaza tanki mpaka uone hazisongi.

Hedi ya silinda nayo isikazwe kwa hasira. Kaza kwa msalaba, nati ya huku halafu ya upande ule mwingine, polepole kwa awamu, injini ikiwa baridi. Zile za M8, yaani studi ya milimita 8, zinataka kama Nm 16 mpaka 20, za M6 za injini ndogo karibu 10, na kama huna spana ya kupima nguvu tafuta fundi wa magari akuazime yake dakika tano kuliko kukata studi. Hedi ikivuja utaona oili nyeusi pembeni ya gasketi na injini itatetemeka na kukosa nguvu kwa pamoja. Egzosti pia ishikwe chini na kishikilio chake, ikining'inia inacheza, inakata studi zake, na inatoa kelele ya bati ambayo watu wanadhani ni klachi.

Hii ya Nairobi hasa

Kuna mtetemo ambao hautoki kwa nati yoyote. Unaendesha nusu ya mafuta, barabara tambarare, injini inaanza kukohoa burr-burr-burr kama haijaamua, inatetemesha kiti, ukifungua mafuta yote ama ukipanda mlima inanyooka. Hapo injini inachoma mara moja kila mizunguko miwili badala ya kila mzunguko, kwa sababu petroli ni nyingi kuliko hewa. Na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, kabureta iliyopangwa kwa hewa ya chini inakuja hapa inakuwa inalisha injini kupita kiasi. Si kasoro ya spea, ni ya mahali ulipo.

Toa plagi baada ya kuendesha kidogo kwa mwendo wako wa kawaida na kuzima ghafla. Nyeusi na yenye maji maji, petroli imezidi. Ya hudhurungi, uko sawa. Nyeupe, hewa imezidi, na hiyo ni hatari kwa pistoni. Kama ni nyeusi, fungua kabureta juu, toa sindano, kile kiklipu kidogo kisogeze mkato mmoja kwenda juu, ndio sindano ishuke na petroli ipungue. Mkato mmoja tu, kisha endesha, kisha angalia plagi tena. Kama umefika klipu ya juu kabisa na bado inakohoa, badilisha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, iwe ndogo zaidi. Kabla ya yote hayo lakini hakikisha choki imefunguka kabisa na kichujio cha hewa si kichafu, vumbi la Nairobi linaziba sponji haraka na dalili ni hizihizi. Oili usiipunguze ukidhani ndio inaleta moshi na kukohoa. Injini mpya inataka 1 kwa 16, yaani kama mililita 62 za oili ya 2T kwa lita ya petroli, baadaye 1 kwa 25, mililita 40. Ukipunguza kupita hapo bila kujua oili yako imeandikwa nini, beringi za krenki ndizo zinalipa.

Kinyume chake kuna pia. Resi inapanda yenyewe, injini inatetemeka kwa ukali na inachemka: hewa inaingia mahali haifai. Ikinguruma bila resi, nyunyizia maji kidogo ya sabuni kwa kiungo cha kabureta na pale inaingia silinda, resi ikibadilika umepata tundu. Gasketi mpya na nati mbili, imeisha.

Cheni na sproketi ya nyuma

Zungusha tairi ya nyuma kwa mkono na uangalie sproketi kubwa kutoka nyuma, ikiyumba kulia kushoto ama juu chini utaiskia kama mtetemo unaofuata mwendo wa tairi, si resi. Ile sproketi ya meno 44 inayobanwa kwa spoki na raba mbili iko na tundu 9 na imepangwa kwa rimu ya spoki 36. Baiskeli za kizamani za mtindo wa Uingereza nyingi zina spoki 40 nyuma, so hesabu kabla ya kulazimisha, spoki zingine zitabanwa vibaya na zitaanza kukatika moja moja. Bolti zikaze kwa msalaba kidogo kidogo ukizungusha na kuangalia.

Cheni iwe na ulegevu wa kama milimita 12 katikati. Ikikazwa sana inalia na kuvuta shafti, ikilegea inapiga. Ni cheni ya 415. Kuna mtu Kirinyaga Road atakuambia ile ya boda ya 428 ni ileile, na urefu wa pingili kweli ni sawa, lakini roli zake ni nene, hazikai kwa meno, inanguruma na kula sproketi. Kile kigurudumu cha kukaza cheni kiangalie kwa makini, kishikilio chake kikizunguka kwa bomba kinaingia kwa spoki ukiwa kwa mwendo na tairi inafunga. Kama unaweza kupanga cheni iwe sawa bila hicho kigurudumu, kitoe.

Na kama mtetemo unakuja kwa mwendo mmoja tu, tuseme ukiwa kilomita 30 kwa saa, chini yake na juu yake uko sawa, hiyo ni resi fulani inayopatana na fremu yako. Kwa tairi ya inchi 26 na sproketi ya 44, kilomita 30 ni karibu mizunguko 4,350 kwa dakika. Weka sproketi ya 36 inashuka mpaka karibu 3,550, injini inapumua. Utalipa kwa milima, so kama kila siku unatoka Kangemi kwenda Westlands na kurudi na mzigo, baki na 44 na uendeshe polepole kidogo, mimi ndio ningefanya hivyo.

Ikiwa bado

Umefanya yote na bado kuna kugonga kuzito kutoka chini, kunakoongezeka ukibeba mzigo. Toa plagi. Shika gia ndogo ama magneti, isukume juu na chini, si kuzungusha. Ikicheza juu chini, beringi za krenki zimekwisha. Halafu zungusha mpaka pistoni iwe katikati ya safari yake, si juu kabisa, shusha bisibisi nyembamba taratibu kupitia tundu la plagi iguse kichwa cha pistoni, zungusha krenki mbele nyuma kidogo. Krenki ikisonga na bisibisi bado imetulia, mara nyingi ni beringi ya chini ya konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, imelika.

Beringi za krenki unaweza kubadilisha, toa ya zamani usome namba pembeni yake ununue namba hiyohiyo, na sili mbili mpya kwa wakati mmoja maana hutaki kufungua tena. Ziingizwe na presi, si nyundo. Ya konrodi ni habari nyingine, krenki lazima itenganishwe na kushindiliwa upya na kunyooshwa na mtu mwenye vifaa, na kwa hizi injini mara nyingi unanunua krenki nzima, ama ukipiga hesabu ya kazi na spea unaona heri nusu ya chini yote mpya na kubaki na silinda yako. Ukifunga, tumia gasketi mpya, mchanganyiko wa 1 kwa 16 tena kwa tanki za kwanza, usifungue mafuta yote, na ukirudi nyumbani kila safari pitisha spana kwa nati nne za injini kabla haujaingiza baiskeli ndani.